Wathamini wa Bondeni: Mapitio ya Huduma ya Uthamini kwa Ardhi Inayochukuliwa Kurudisha Njia ya Maji, Pemba

Huduma ninayoipitia hapa ni ya uthamini wa ardhi na mali kwa familia zilizoarifiwa kwamba makonde yao yatachukuliwa kwa manufaa ya umma. Kwa ada ya mkupuo, ambayo nusu yake hulipwa mwanzo na nusu ya pili hulipwa ripoti inapokabidhiwa, wathamini huja shambani, hupima mipaka, huhesabu miti na mazao, huandika ripoti ya thamani, kisha humsindikiza mwenye mali katika vikao vya fidia. Ukoo wetu uliwaajiri kwa sababu sehemu ya chini ya bonde letu, huku Pemba, ilihitajika ili maji ya mto yaachiwe njia yake ya asili mpaka kwenye mikoko. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwani si haki kazi waliyoifanya kwa ukoo mmoja iwe kipimo cha kazi zao zote, na wenye kushughulika na mambo haya wananiambia kuwa kasoro kubwa nitakayoieleza si ya kampuni hii peke yake. Kwa upande wa ramani na nyaraka nimeridhika nao. Kwa upande wa kuthamini maji, ambayo ndiyo sababu ya bonde lenyewe kuchukuliwa, kazi yao ni pungufu, na upungufu huo ulikaribia kututia hasarani.

Ni vyema msomaji akajua kwanza bonde lilivyo. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde: mikarafuu, minazi na miembe hukaa juu na kwenye miteremko, mpunga hukaa chini, na mabonde mengi yana kijito kinachoteremka hadi kwenye mkono wa bahari ulioota mikoko. Kwetu sisi, tuta la barabara lililikatisha bonde miaka mingi iliyopita, maji yakaachiwa kalvati moja tu, ambalo sasa mdomo wake umejaa tope zaidi ya nusu. Wakati wa masika maji hutuama upande wa juu mpaka miche ya mpunga ikaoza, na upande wa chini hayafiki ipasavyo. Maji ya chumvi, ambayo zamani yalikuwa yakisukumwa nyuma na maji matamu ya mto, yamepanda kidogo kidogo hadi kwenye makonde ya mwisho, na mpunga wa huko huungua majani kabla haujatoa mashuke. Mpango uliopo ni kuvunja sehemu ya tuta, kuweka daraja lenye uwazi mpana, na kuliacha eneo la chini lifurike na kukauka kwa majira yake. Hilo haliwezekani ikiwa eneo hilo bado ni makonde ya watu, kwa hiyo umma unalazimika kulichukua na kulifidia.

Nami jambo lenyewe naliunga mkono. Tumeziona kampeni za kupanda mikoko, watu wamevaa fulana mpya, na miche ikafa kabla ya msimu kwisha kwa sababu mahali pale maji hayaingii wala hayatoki kama inavyotakiwa. Pale ambapo maji yana njia yake, mbegu za mkoko na mkandaa huelea, hujichomeka topeni zenyewe na kuota bila ya mgeni rasmi.

Kazi ya upimaji waliifanya kwa adabu na umakini. Walifika pamoja na bwana sheha, wakawasubiri majirani wa pande zote, na hawakupigilia kigingi hata kimoja mpaka wenye mipaka wakubaliane mbele ya mashahidi. Ami yangu na jirani yake walipotofautiana juu ya mti wa mpaka uliokwisha kukatwa, mpimaji hakuamua yeye. Aliomba jembe, akafukua mahali walipokuwa wakibishania, kisiki kikaonekana, na maneno yakaisha hapo. Vipimo viliandikwa kwa mita na kwa eka, na kila pembe ilipigwa picha ikiwa na mtu aliyesimama juu yake. Ramani waliyotupa inasomeka na mtu ambaye hajasomea upimaji, na hilo si la kawaida.

Kuhesabu miti nako kulikwenda vizuri. Kijana mwenye kopo la rangi nyekundu alitangulia akiandika namba kwenye mashina, na mthamini akamfuata akitamka kwa sauti aina ya mti, umri na hali yake: mkarafuu unaozaa, mche wa mkarafuu, mnazi uliokoma kuzaa, mwembe boribo, mchikichi. Kutamka kwa sauti kulikuwa na faida ambayo nadhani wao wenyewe hawakuikusudia. Bi mkubwa wetu, ambaye macho yake yamepungua nuru, aliifuatilia hesabu yote akiwa amekaa kivulini juu ya kipande cha mkeka. Alikataa mkarafuu mmoja kuitwa mzee, akaeleza kwamba ulivunjwa matawi na wachumaji wazembe na kwamba msimu uliopita ulizaa. Mthamini alirudi, akautazama kwa muda, akabadilisha maandishi. Mtaalamu anayekubali kusahihishwa na mwenye shamba anastahili ada yake.

Tatizo lilianza tulipoteremka chini. Mikarafuu na minazi karibu yote ilibaki mteremkoni, nje ya eneo linalochukuliwa au ukingoni mwake, na mahali ambapo maji yatapita hapakuwa na mti wa kutiwa rangi. Fomu yao ina safu za aina ya mti, idadi na hali. Walipofika katikati ya bonde safu zile zikabaki wazi, na chini yake pakaandikwa "eneo tupu, mpunga wa msimu". Hivyo sehemu ileile ambayo umma unaihitaji kuliko nyingine zote ndiyo iliyoonekana katika karatasi kuwa haina kitu.

Kosa hili lina mizizi mirefu, na si haki kumtwisha kijana mwenye kopo la rangi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na kuanzia 1965 familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 nayo inaeleza kwamba ardhi yote ya asili ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, na kwamba mtu anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Pamoja na sheria, mila ya visiwani tangu zamani imekuwa ikiitenganisha ardhi na kilichoko juu yake: mtu anaweza kumiliki mikarafuu iliyosimama katika ardhi ya mwengine, akaiuza au akairithisha wanawe. Kwa hiyo swali la fidia limezoeleka kuulizwa kwa namna moja, yaani una miti mingapi. Kilimani swali hilo linatosha. Bondeni thamani imo katika maji yanayopita na katika vyote vinavyoota kwa ajili yake mwaka hadi mwaka, na fomu haikuwa na safu ya vitu hivyo.

Nitavitaja baadhi. Mikindu huota yenyewe kandoni mwa maji, haina mwenyewe, na kwa sababu hiyo haikutiwa rangi. Lakini ukindu wake ndio unaosukwa mikeka na misala, na wanawake wa vitongoji vya jirani huja kuukata bila ya kuombana ruhusa. Majimbi, ambayo hukaa topeni mwaka mzima na ambayo mwezi wa Ramadhani huleta fedha kuliko mpunga, yaliandikwa kwa pamoja kuwa "mboga". Kambare wanaovuliwa maji yanapopungua hawakuandikwa popote. Kisima cha chini kiliandikwa, ila kama shimo lililojengewa ukingo wa mawe, kwa thamani ya mawe yake, wakati ambapo sababu ya watu kukitegemea ni kwamba maji yake bado hayajaingia chumvi.

Tena wako watu. Sehemu kubwa ya makonde ya mpunga hulimwa na wanawake walioazimwa, bila ya karatasi, ama kwa makubaliano ya kumpa mwenye konde pishi kadhaa baada ya mavuno, ama bila ya malipo yoyote. Wathamini waliandika jina la mwenye konde tu. Mama yangu mkubwa, ambaye analilima konde la kuazimwa tangu sijazaliwa, alimwuliza mthamini kwa upole kabisa, "Mwanangu, na mie umeniandika wapi?" Mthamini alimjibu kwa heshima kwamba hawezi kumwandika kwa kuwa si mmiliki. Huenda jibu hilo ni sahihi kwa mujibu wa fomu. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inailinda mali ya mtu isichukuliwe bila ya sheria na fidia, lakini mtu ambaye mali yake ni kuruhusiwa kulima hukosa pa kuishika kinga hiyo. Baada ya kubishana nao kwa kiasi, walikubali kuongeza kiambatisho chenye majina ya walimaji na mavuno yao ya kawaida kwa polo, yaani magunia. Hawakutudai malipo ya ziada, na kwa hilo nawashukuru, ingawa kiambatisho hicho kilipaswa kuwemo tangu mwanzo.

Mthamini alinieleza kwamba hajui njia ya kukithamini kitu kisichokuwa mti wala jengo. Sikubaliani naye. Unguja kuna mfano ulio wazi: msitu wa Jozani umesimama juu ya maji ya ardhini yaliyo karibu mno na uso wa ardhi, eneo lake pamoja na Ghuba ya Chwaka likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na sehemu ya mapato ya watalii imekuwa ikipelekwa kwa wakulima wa kandoni ambao mazao yao huliwa na kima punju. Malipo yale hayafuati idadi ya miembe. Yanafuata hasara inayojirudia. Mtu anayeweza kuandika kwamba mnazi utazaa kwa miaka mingine kadhaa anaweza pia kuandika kwamba bonde hili, kwa masika ya kawaida, humpa mlimaji chakula cha miezi fulani, na kwamba akilikosa atakwenda kununua mchele dukani.

Kasoro nyingine nzito ni wakati waliouchagua. Walikuja kaskazi, ardhi imepasuka kwa ukavu, wakauchora mpaka wa mafuriko kwa kutazama mteremko na aina ya majani. Mtu yeyote anayeishi bondeni angewaambia kwamba mpaka wa kweli huonekana masika, mvua kubwa inapokutana na bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa kupita kawaida. Siku hizo bahari hupanda mkono wake, maji ya mvua huteremka, na yakikutana hayana pa kwenda ila pembeni. Bi mkubwa alimshika mkono mpimaji, akampeleka kwenye mnazi uliokuwa juu kabisa ya mstari aliouchora, akamwonyesha alama ya tope iliyoganda kwenye shina kimo cha goti. Mnazi ule ulikuwa nje ya eneo la kuchukuliwa. Maana yake ni kwamba tuta likishafunguliwa, mwenye konde hilo angebaki na ardhi inayofurika pamoja na ramani rasmi inayosema kwamba mafuriko hayamhusu. Mstari ulisogezwa, lakini kwa kukisia. Kampuni inayotoza ada ya kitaalamu ingeweza kurudi japo mara moja wakati wa mvua, au kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga siku ya kazi. Wavuvi hulitazama bila ya kulipwa na mtu.

Nilisoma kiasi juu ya nchi zilizotangulia katika kazi hii ili nisiwahukumu watu kwa kipimo nilichojitungia. Katika jimbo la Florida, Marekani, mto Kissimmee uliokuwa ukipindapinda kwa takriban kilomita 166 ulinyooshwa kati ya 1962 na 1971 ukawa mfereji wa kilomita 90, kwa nia ya kuzuia mafuriko. Maeneo chepechepe ya kandoni yakakauka, ndege wa majini wakapungua mno, na mwaka 1992 Bunge la Marekani likaidhinisha kazi ya kuurudisha. Ujenzi ulianza 1999 na kukamilika 2021, na karibu kilomita 35 za mfereji zilifukiwa. Kwa ajili ya kazi hiyo mamlaka ya maji ya kusini mwa Florida ililazimika kupata zaidi ya eka 100,000, kwani huwezi kuyapandisha maji juu ya ardhi ya mtu ukamwambia avumilie. Kilichonivutia zaidi ni kwamba si ardhi yote iliyonunuliwa moja kwa moja. Baadhi ya wenye mashamba walibaki na ardhi yao na wakalipwa ili watoe haki ya kudumu ya maji kufurika juu yake.

Niliwauliza wathamini wetu kama mpangilio wa namna hiyo ungeweza kupendekezwa kwa makonde ya ukingoni, ambayo hufurika kwa muda mfupi tu kila masika na ambayo majimbi na mikindu yake yangeendelea kuwepo baada ya tuta kufunguliwa. Walisema hawajawahi kuandika pendekezo kama hilo, wakaahidi kuulizia. Ripoti ilipokuja haikuwa na hata sentensi moja juu yake. Huu nauona ni upungufu mkubwa kuliko ule wa kuja kaskazi, kwa sababu mstari wa ramani unaweza kusogezwa baadaye, lakini familia iliyokwisha kusaini kuiachia ardhi yake yote haitarudishiwa ukingo wake kwa kuwa imekuja kugundulika kwamba haikuwa lazima kuuchukua.

Katika mambo ya mirathi walinishangaza kwa uzuri wa kazi yao. Konde la babu halijagaiwa, na warithi wake wako Pemba, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Walitengeneza orodha kwa kufuata hati ya Mahakama ya Kadhi, wakataja fungu la kila mrithi, na wakatutaka tumteue wakala mmoja kwa maandishi. Baadhi yetu tuliona ni urasimu, mpaka niliposoma habari za Picayune Strand, hukohuko Florida. Kampuni moja ya viwanja katika miaka ya 1960 ilichimba mifereji na kukata barabara ndani ya kinamasi, kisha ikauza vipande vidogo kwa watu wa mbali, wengi wao wakinunua bila ya kuviona. Serikali ya jimbo ilipoanza kuvinunua tena mwaka 1985 ili eneo lirudishiwe maji yake, ilikuta wamiliki wapatao 17,000 katika eka zipatazo 55,000, na ununuzi ukaendelea kwa miaka kabla ya barabara kung'olewa na mifereji kuzibwa. Ukoo wetu haufiki 17,000, ingawa siku ya kutia saini ilionekana kama unafika.

Ripoti ilikuja kwa Kiingereza. Tulipodai ya Kiswahili tulipewa muhtasari wa ukurasa mmoja, ambao hesabu zake zilikuwa sahihi lakini sababu zake zilikuwa zimeachwa. Wazee walitia saini kitu walichosomewa na mjukuu. Sioni udhuru wa jambo hili katika kisiwa hiki. Ada haikubadilika katikati ya kazi, risiti zilitolewa, na simu zao hupokelewa.

Kikaoni, mthamini aliyetusindikiza aliitetea miti yetu kwa hoja nzuri, hasa ule mkarafuu wa bi mkubwa, lakini mazungumzo yalipofika kwenye maji alinyamaza. Aliyezungumza juu ya maji ni mama mkubwa, ambaye aliwaeleza maofisa kwa polo na kwa miezi: anavuna kiasi gani, kinamfikisha wapi, na mwaka ambao chumvi ilipanda alinunua nini. Walimsikiliza na wakaandika. Kiambatisho cha walimaji kilipokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Kuhusu malipo yake bado hatujajibiwa.

Kwa mwenye bonde anayefikiria kuwatumia wathamini wa aina hii, maoni yangu ni kwamba awatumie, kwani bila ya ramani yao na orodha yao ya warithi tungefika kikaoni mikono mitupu. Ila asilipe nusu ya kwanza kabla ya kuandikwa katika mkataba kwamba watarudi bondeni masika siku za bamvua, kwamba walimaji wa kuazimwa, mikindu, majimbi na visima vitakuwa na kurasa zao katika ripoti, kwamba ukingo wa bonde utatazamwa kwa njia ya haki ya kufurika kabla ya kutazamwa kwa njia ya kuuzwa, na kwamba ripoti kamili itakuwa ya Kiswahili. Nilipowaeleza masharti haya baada ya kazi kwisha, mkuu wao alisema anaweza kuyakubali yote kwa ada iliyoongezwa kidogo. Wanaotaka waje wakati wa mvua wawaambie mapema, kabla ya kaskazi kwisha, kwa sababu masika gari lao halifiki bondeni, na mwenyeji itambidi awatafutie pa kulala.